Mgeni wa Kiraka cha Kijivu

Funga mlango wa nje, Leonce, ukungu unaingia na kifua changu kimeshachoka kubishana nao, lakini ule wa chumba cha kushonea uache wazi kama ulivyo, nataka kukisikia. Njooni mkae karibu. Redempta mwanangu, kaa huku kichwani unishike mkono. Na wewe mkamwana wangu Elinipendo, chukua kiti chenye mgongo, hilo tumbo halitaki kigoda, wala usinitazame kwa jicho hilo la Kilutheri, padri alishakuja asubuhi akanipaka mafuta, sasa ni zamu yangu ya kusema. Nasema Kiswahili, si kwa maringo, ila Kichagga chetu cha Kibosho na chenu cha Machame vinapishana njiani, na sitaki mtu aje aseme baadaye, "Mama alisema hivi, mimi nikaelewa vile." Leo mtanielewa wote sawasawa, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kwenda tu, si ya kurudi.

Ya kihamba hayana maneno mengi. Leonce, wewe ndiye mtoto wa kiume, nyumba hii na migomba na kahawa ni vyako, na mimi mtanilaza pale chini ya migomba, upande wa kushoto wa baba yenu Thadeus, maana upande wa kulia alikuwa anakoroma. Pandeni isale, ule mmea wa wazee wetu, kichwani kwangu na msiruhusu mbuzi aile. Ng'ombe mwekundu ni wa Elinipendo, mzazi anataka maziwa na mtori. Chumba cha kushonea na kila kilichomo ni cha Redempta, cherehani, meza, pasi ya mkaa, sanduku la vipande, vyote, na havitoki pale vilipo. Leonce, usiiname. Nilikusikia juzi mlipokuwa mkinywa mbege hapo nje mkidhani nimelala: "Mama akishatutoka, ile cherehani naishusha mjini, Pasua, naiweka barazani, natafuta fundi." Mimi ninaumwa kifua, siumwi masikio. Cherehani ile haiendi Pasua, na nikimaliza kusema wewe mwenyewe hutaitaka Pasua.

Lakini si hayo niliyowaitia. Nimewaitia lile blanketi la viraka. Elinipendo anataka kumpokelea mtoto ndani yake, na mimi nataka hivyo hivyo, nililishona ili wajukuu walalie. Ila lilivyo leo, mtoto asilalie. Asifunikwe nalo hata kidogo, hata baridi ikiwa kali namna gani, mpaka mmefanya nitakalowaambia. Habari zake mmezisikia kwa Lukresia, jirani yetu, ambaye amezitembeza mpaka Kwa Sadala siku za soko, kwamba mimi Anyesi nimefuga jini la Kizungu. Lukresia ni rafiki yangu tangu tunaota matiti, lakini habari ikipita kinywani mwake huzaa pacha. Sasa ichukueni kwangu, bila pacha.

Cherehani ilipanda huku mwaka ule bendera ilipobadilishwa. Baba yenu aliinunua mjini, ikaja juu ya lori mpaka barabara ilipoishia, kisha wanaume wawili wakaitundika kwenye mti wakaibeba mabegani kama mgonjwa, na njia nzima watu wakatoka kutoa pole, wakauliza nani anaumwa. Ilipofika hatukuwa na pa kuiweka. Jikoni moshi, chumbani giza. Thadeus akatazama banda la ndama lililoegemea nyumba, akamtoa ndama, akabomoa ukuta akatoboa dirisha, akamwaga saruji chini, akatengeneza meza ya mgrivilea pana kiasi cha kulaza gauni zima na mikono yake, akapiga misumari ukutani ya kutundikia nguo za watu. Kisha akaniweka kwenye kigoda na cherehani mbele yangu, akawa ananizungusha, mimi na yenyewe, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Anayeshonea mkono wa kulia anataka mwanga umjie kushoto, kivuli cha mkono kisiangukie sindano. Alipoipata sehemu alichukua patasi akachimba vishimo kwenye saruji, kila mguu wa cherehani na kishimo chake, isitembee nikikanyaga. Mkumbuke vile vishimo. Redempta utavikuta, viko palepale.

Vipande vya wateja nilivirudisha siku zote. Mtu akichukua gauni lake anapewa na mabaki yake, hata kama ni ya kufungia kidole tu, kwa sababu nguo iliyokaa mwilini mwa mtu si kitambaa tena. Niliyoyaweka ni ya nyumba yangu. Kaniki ya mama yangu mzazi. Kaki ya Thadeus. Gauni la ubatizo la Redempta, lenye doa la mshumaa. Leonce, kaptula yako ya darasa la kwanza, ile uliyoichana makalio ukiruka mfereji. Nilitandika blanketi kuukuu, chini yake nikaweka bitana ya marekani, juu nikawa naunganisha viraka, kimoja kimoja, mwaka huu viwili, mwaka ule kimoja, na kila sindano ilipoingia mara ya kwanza nilitaja jina la mwenye nguo. Hakuna aliyenifundisha. Niliona tu ni adabu, unamtoboa mtu nguo yake, umwite.

Kisha ikaja miaka ya vijiji vya Ujamaa. Sisi huku mlimani hatukuhamishwa, tungehamia wapi na nyumba zimeshabanana hivi, lakini nguo iliadimika, na vifurushi vya misheni vilipofika tulisukumana mlangoni wanawake wazima kama mbuzi kwenye chumvi. Lukresia alipata gauni lenye zipu mgongoni, akalivaa nyuma mbele mwaka mzima ili tuione hiyo zipu. Mimi nilipata koti. La kiume, zito, la kijivu, linanuka dawa ya nondo na kitu kingine chini ya dawa, kama chumba kilichofungwa muda mrefu. Mnajua tulivyoziita zile nguo, nyinyi mnasema mitumba, sisi tulisema Kafa Ulaya. Tulisema kwa kucheka, kwamba huko Wazungu mtu akifa nguo zake zinapanda meli kuja kututafuta. Mimi ni fundi, nikalipindua nione ndani. Kwapa lilikuwa limechanika na mwenyewe alikuwa amelishona kwa mkono, stichi ndogo, safi, ila zimelala upande wa pili. Anayeshonea kulia stichi zake zinalala huku. Hizi zililala kule. Nikajua basi, huyu bwana alitumia mkono wa kushoto, na hakuwa na mke, au alikuwa naye hajui kazi.

Nikamkatia Leonce suruali ya shule, ikabaki kipande kama kiganja. Kule chini kwenye blanketi, pembeni miguuni, palikuwa na pengo. Siku hiyo Lukresia alikuja kuazima mkasi, akakaa na kibuyu cha mbege kama ilivyo kawaida yake, mkasi ukasahaulika. Akaniona nashikiza kile kipande.

"Na huyo utamwita nani?" akaniuliza.

"Jina lake."

"Unalijua?"

"Kafa Ulaya. Si ndivyo anavyoitwa?"

Basi mimi na mdomo wangu nikachoma sindano nikasema, "Kafa Ulaya, karibu nyumbani," kisha nikachukua kibuyu mkononi mwake nikamwagia mbege kidogo chini, vile wazee wanavyowamwagia wa ukoo kwenye isale. Lukresia alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Alipokuwa anakiokota akaacha kucheka. "Anyesi," akasema, "wa kwenu unawamwagia ili wajue kwao. Huyu sasa umempa kwake."

Nikamwambia anywe mbege yake anyamaze. Wiki ile ile nikaingia chumbani asubuhi nikakuta cherehani imegeuka.

Haikusukumwa, imegeuka. Miguu yote ilikuwa nje ya vishimo, imepangwa vizuri juu ya saruji, na kigoda changu kimewekwa upande mwingine, kikingojea. Niliwapiga nyinyi wawili, mnakumbuka, mkalia mkasema si sisi. Thadeus akaapa. Tukairudisha mimi na yeye, tukiguna, ni chuma kile. Baada ya mvua ikageuka tena. Tukairudisha. Mara ya tatu nikasema ngoja nikae nione anataka nini, nikakaa kwenye kigoda vile kilivyowekwa, nikashika kitambaa, kivuli cha mkono wangu kikaanguka moja kwa moja kwenye sindano, sikuona kitu. Mwanga ulikuwa unatoka kulia. Nikahamisha kitambaa mkono wa kushoto, kivuli kikaondoka.

Hapo nikamwelewa. Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida tu, "Bwana, hapa ni pangu. Ukitaka kushona, shona mimi nikiwa shambani, na ukimaliza urudishe." Na tangu siku hiyo alirudisha. Nilikuwa nikitoka shambani saa kumi, ukungu ukiwa umeshuka kama leo, nakuta miguu iko kwenye vishimo, kila kitu kimenyooka, ila nikigusa kanyagio lina joto. Na kile kiraka chake nilichokishona mimi, alikifumua akakishona upya mwenyewe, stichi zimelala kule. Nilikasirika kwelikweli. Si woga. Zilikuwa nzuri kuliko zangu.

Elinipendo, kunywa maji, usiogope, sijafika pa kuogopa.

Halafu zikaja zile taabu baada ya vita, sabuni hakuna, chumvi ya kupanga foleni, uzi ndiyo usiseme. Mafundi wote wa huku walifunga, mimi sikufunga. Nilikuwa na kidonge kimoja cha uzi wa kijivu kilichokuja ndani ya mfuko wa lile koti, nikashonea uniformu, nikashonea kanzu za kwaya, nikashonea sanda, vyote kwa uzi wa kijivu, na watu wakasema Anyesi ana mlango wake wa nyuma. Ule msako wa walanguzi ulipokuja, vijana waliingia hadi uvunguni. Mmoja akashika kile kidonge cha uzi.

"Mama, uzi huu umeutoa wapi?"

"Kwa mgeni wangu."

"Mgeni gani?"

"Kafa Ulaya."

Wakacheka. Yule kijana akasema tuone uko wa futi ngapi, akashika ncha akaanza kuvuta, akatoka nao mlangoni, akapita kwenye kahawa, akaingia migombani, mwenzake ameshikilia kidonge huku kinazunguka kinazunguka. Aliporudi alikuwa hacheki tena. Kidonge kilikuwa kimejaa vilevile. Akakiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai, akaniambia, "Shikamoo mama," na alikuwa ameshaniamkia alipoingia. Wakaenda zao. Nilikaa siku nyingi nikiukusanya ule uzi migombani, sikuona sababu ya kuuacha unyeshewe.

Sasa nafika. Nipe maji kidogo, Redempta. Hivyo. Yatosha.

Kiraka chake nilikiweka miguuni, pembeni kabisa, Lukresia alikuwepo ni shahidi. Alipofariki baba yenu nikalitandika blanketi juu ya kitanda, nikakiona kiko ubavuni mwa ile kaki ya Thadeus. Nikajiambia ni machozi, sioni vizuri. Ulipokuja wewe Elinipendo tukaweka kipande cha gauni lako la harusi pale juu, karibu na shingo, na ulipopata huo ujauzito nikaacha pengo kando yako, la mtoto. Wiki iliyopita nikamtuma Redempta aniletee. Redempta, waambie kile kiraka cha kijivu kiko wapi.

"Kando ya pengo, mama."

Semeni mmesikia. Pengo la mtoto liko katikati, upande huu mama yake, upande ule mgeni. Na stichi zimelala kule.

Msimwone mbaya. Mimi nimekaa naye miaka, hajavunja hata sindano. Fikirini mlivyolelewa. Mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake mzaa baba, na yule babu anaitwa tena mezani, anaambiwa njoo ule, nenda kachote maji, anakuwa yupo. Ndivyo watu wetu wanavyorudi. Huyu bwana nilimpa nyumba, nikampa mbege, sikumpa jina. Kafa Ulaya si jina, ni habari ya kifo chake. Kila nilipomwita nilikuwa namwambia umekufa, umekufa, karibu. Sasa ameona kuna jina linakuja, naye amesogea pale litakapopita. Amechoka kungoja, ndivyo ninavyofikiri mimi, na mtu aliyechoka kungoja hatazami anamkanyaga nani.

Elinipendo, najua unataka nini. Ulimwambia Leonce mkifumue kile kiraka mkichome moto. Nilisikia, nimeshasema masikio ni mazima. Mgeni uliyemkaribisha mwenyewe humchomi moto. Na ukikifumua utabaki na tundu kando ya mwanao, na yeye hutajua amekwenda kukaa wapi. Afadhali tunajua alipo.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Lile pengo lililoachwa si la mtoto tena, ni langu. Mtakata kipande kwenye gauni hili hili nililolivaa, mkishone pale, kati ya huyo bwana na kiraka cha Elinipendo. Kisha Redempta utaongeza mstari mpya wa viraka kule juu, upande wa mbali, na mtoto utamweka kule, mimi nikiwa katikati. Na usilimalize hilo blanketi kamwe. Kila mwaka acha nafasi, watu wakiwa na nafasi hawakanyagani. Mimi nitakaa naye. Mnanijua, hakuna mtu aliyewahi kunipita njiani kabla sijamaliza kumhoji, alikotoka, kwao nani, alioa wapi, kwa nini alishona kwapa lake mwenyewe. Hatapata nafasi hata ya kugeuka. Na nikishalipata jina lake nitamwita kwalo, kila siku, mpaka ashibe.

Mtoto akizaliwa, kabla hamjamwosha, Leonce simama kwenye mlango wa kile chumba utaje jina kwa sauti. Akiwa wa kiume, Thadeus. Akiwa wa kike, Anyesi, na msiposikia aibu mniongezee na la pili. Lisemwe lisikike humo ndani, kwamba limeshachukuliwa. Hapo ndipo mmfunike, alale hata mpaka aoe.

Blauzi ya Lukresia imetundikwa msumari wa mwisho, haina kola, mwenyewe hajaamua, na mkasi wangu uko kwake. Arudishe mkasi apewe blauzi. Atalia kuliko nyinyi wote, mwacheni alie, ila msimruhusu kuingia kwenye kile chumba, ataanza kumhoji kabla yangu.

Leta hilo tumbo, Elinipendo. Sogea. Nalitemea mate, hivi, mate ya mama mkwe wako, Mungu wa Kilutheri na wa Kikatoliki ni mmoja akitaka. Uzae salama, maziwa yakujae, mtoto akulilie usiku ujue yupo. Leonce, kichwa. Mvua ikujie kwa wakati, mkeo asikuchoke. Redempta, wewe mikono, nipe yote miwili. Iendelee kuona hata macho yakikataa.

Sasa kata. Hapa, pindoni. Polepole, nimo ndani. Umekata? Nionyeshe. Kizuri. Kiweke hapo kitandani kwanza nipumzike, kisha utakwenda...

Nimesinzia. Umeshaanza, kumbe. Nalisikia kanyagio. Usikanyage haraka, Redempta, kitambaa hicho kimechakaa, kitavutika, na ukichoma sindano ya kwanza usisahau...

Huu mkono ni wa nani?

Redempta. Bado uko hapa. Na Leonce yule. Elinipendo kwenye kiti. Wote mko hapa.

Kipande kiko wapi? Nilisema ukiweke kitandani. Angalia chini ya shuka. Angalia vizuri.

Basi. Kaeni. Asiende mtu kuangalia, nasema kaeni. Mnasikia wenyewe, msije mkasema mama alikuwa anaweweseka. Taratibu ile, anajua kazi, anasikia kitambaa ni cha zamani. Taja jina langu, Redempta, sindano inaingia. Sema kwa sauti. Lisije likakosea njia.

"Anyesi."

Tena.

"Anyesi. Mama."

Hapo. Limeingia, nimelisikia. Mungu akae nanyi, wanangu. Mlango uache wazi.

Na wewe huko, sogea kidogo. Geuza hiyo cherehani, mwanga unanijia upande usio wangu, mimi nashonea kulia. Hivyo. Hivyo hivyo.

Haya bwana, tuanze mwanzo. Kwenu walikuwa wanakuita nani?